Kupiga picha sanaa ya mtaani Dar es Salaam: nakala ya mchoro au picha ya mahali?

Ukuta mmoja uliochorwa unaweza kutoa picha mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ni nakala: mchoro umejaa fremu, kingo zake zimenyooka, rangi ni zile alizopaka msanii, na mbele yake hakuna mtu wala bodaboda. Nyingine ni picha ya mahali: mchoro upo, lakini umo pamoja na muuza madafu aliyeegemeza baiskeli yake, nyaya za umeme zinazokatiza juu na abiria wanaogombea daladala. Picha nyingi dhaifu za sanaa ya Dar es Salaam zimekwama katikati ya hizo mbili. Mchoro umepinda, nusu yake imezibwa na gari, na gari lenyewe halina kazi yoyote pichani.

Amua unataka ipi kabla ya kutoa kamera. Uamuzi huo ndio unaopanga saa ya kwenda, lenzi, mahali pa kusimama, na hata namna sheria ya hakimiliki inavyokugusa. Msanii anayetafuta kazi kwa mteja mpya anahitaji nakala. Anayeandika habari za mji anahitaji ile nyingine. Ukiwa na muda piga zote, lakini usijaribu kuzipata kwa mkupuo mmoja.

Jua la hapa si la Ulaya

Ushauri mwingi wa kupiga picha kuta na majengo umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na hapa jua linahama upande. Kuanzia karibu na 21 Machi hadi 22 Septemba huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, hupita kaskazini na kuzama huko huko. Kwa miezi hiyo sita ukuta unaotazama kusini hauguswi na jua la moja kwa moja hata dakika moja. Kuanzia karibu na 10 Oktoba hadi siku za mwanzo za Machi mambo hugeuka, na ukuta unaotazama kaskazini ndio unaoshinda kivulini. Katika majuma machache yaliyo kati ya vipindi hivyo, kila upande hupata jua sehemu tu ya siku.

Kwa mtu wa nakala, habari hii ina thamani kuliko lenzi mpya. Ukuta ulio kivulini lakini una anga wazi mbele yake hupokea mwanga sawa juu hadi chini. Hakuna kivuli cha nyaya, cha tawi la mwarobaini wala cha ukingo wa bati. Jua kali likiupiga ukuta kwa juu, kila kijivimbe cha lipu hutoa kivuli chake, na sura ya mtu aliyechorwa huonekana kama aliyeugua ndui. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua hukaa karibu nyuzi 60 juu ya upeo; Desemba hupanda hadi karibu nyuzi 73. Mwanga wa namna hiyo hauangazi ukuta, unautelezea.

Kuta za mashariki na magharibi ni rahisi zaidi. Ule wa magharibi unapigwa asubuhi. Ule wa mashariki unasubiriwa mpaka jua livuke utosi, jambo ambalo Dar hutokea kati ya saa 6:05 na saa 6:40 mchana kutegemea mwezi. Usikadirie mwelekeo kwa kichwa, kwani mitaa ya Posta, katikati ya jiji, imekaa mshazari na si rahisi kujua kaskazini ni wapi. Upe ukuta mgongo, shika simu mbele yako na usome dira: upande unaoutazama wewe ndio upande unaotazamwa na ukuta.

Mtu wa picha ya mahali anataka kinyume chake. Yeye anatafuta jua la chini, linalorefusha vivuli vya watu barabarani na kuipa rangi joto. Hana muda mrefu. Ikifika saa 4 asubuhi jua limeshapita nyuzi 40 na mwanga umekuwa mkavu. Afanye kazi tangu jua linapochomoza mpaka kama saa 2:30, kisha arudi baada ya saa 11 jioni. Machweo ya hapa ni ya haraka. Tangu jua kuzama mpaka giza kushika ni dakika ishirini na kidogo, kwa hiyo anayetaka anga la buluu nyuma ya mnara wenye taa awe ameshapanga kila kitu kabla jua halijazama. Taa nyingi za barabarani humetameta kwa kufuata umeme wa hezi 50. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya sekunde 1/50 au 1/100 huzuia mistari ya giza kutokea pichani, ilhali 1/60 au 1/125 inaweza kuileta.

Masika watu huogopa kutoka, na hilo ni kosa. Wingu zito ni mwanga bora kabisa wa nakala, na mvua huosha vumbi. Tatizo ni maji yaliyonywewa na lipu: ukuta hukauka kwa mabaka, na sehemu mbichi huonekana na rangi iliyokolea kuliko kavu. Subiri ukauke wote, au uje siku ya mawingu isiyo na mvua.

Usimame wapi

Hesabu yake ni fupi. Kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha upana wa mm 36, upana utakaoingia pichani ni umbali uliosimama, mara 36, gawanya kwa urefu wa lenzi. Ukuta wa mita 10 kwa lenzi ya mm 50 unadai usimame karibu mita 14. Kwa lenzi ya mm 24 unatosha na mita 7 hivi, na kamera kuu ya simu nyingi iko karibu na kipimo hicho. Ongeza mita moja au mbili kwa ajili ya ukingo wa kukata baadaye. Kama nafasi ipo, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu. Kile kitufe cha 0.5 cha simu huvuta pembe za picha, na uso uliochorwa pembeni mwa ukuta hutanuka mpaka mwenyewe akauke kwa mshangao.

Simama katikati ya mchoro, lenzi ikiwa nusu ya urefu wake, na uso wa kamera uwe sambamba na ukuta. Njia ya kujihakikishia ni kuwasha mistari ya gridi, kisha kulinganisha kingo za juu na chini za ukuta na mistari hiyo. Zikikutana upande mmoja, umesimama mshazari, na hapo unahama wewe, usizungushe kamera. Kipenyo cha tundu la lenzi cha f/8, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 100 na shata isiyo chini ya 1/125 vinatosha kwa ukuta wenye kivuli cha mchana. Kama mwanga hautoshi pandisha ISO hadi 400 kabla hujashusha shata.

Dar, lakini, mita 14 hazipatikani kirahisi. Kwenye vichochoro vya Kariakoo mtaa wenyewe hauna upana huo, na mbele ya ukuta kuna mtaro. Hapo nakala hupatikana kwa kuunganisha vipande. Chukua ukuta wa mita 20 na nafasi ya mita 5. Lenzi ya mm 24 itachukua mita 7.5 kwa kila picha. Ukitaka kila picha ipishane na iliyotangulia kwa nusu, unasogea mita 3.75 kila mara: picha tano zinaufunika ukuta wote, na ziongeze moja kila mwisho kwa usalama. Weka alama za chaki chini kabla ya kuanza. Funga mwanga, fokasi na rangi zisibadilike kati ya picha na picha, kisha tembea sambamba na ukuta, umbali ule ule, kamera ikiwa kimo kile kile.

Usitumie panorama ya simu kwa kazi hii. Yenyewe imeundwa kwa mtu anayesimama mahali pamoja huku akijigeuza, hivyo ukuta ulionyooka hutoka na tumbo. Ukitembea, kila kipande kinatazamwa uso kwa uso, na programu ya kuunganisha huvilaza vizuri kwa kuwa ukuta ni bapa. Kinachogoma ni vitu vilivyo mbele ya ukuta: nguzo, mti, meza ya mama lishe. Vitu hivyo husogea kuliko ukuta kati ya picha moja na nyingine, kisha hutokea mara mbili au kukatika. Kama nguzo haiepukiki, hakikisha imeingia yote katika picha moja na uitumie hiyo kwa sehemu hiyo.

Ukuta mrefu wa ghorofa una shida nyingine. Ukiinua kamera, kingo za pembeni zinaegemeana juu. Dawa ya kwanza ni kuomba kupanda ghorofa ya jengo linaloukabili. Ya pili ni kurudi mbali. Ya tatu ni kunyoosha kwenye programu, na hiyo inadai uache nafasi ya robo ya fremu pembeni, kwa sababu kunyoosha hukata. Ukimaliza, kagua uwiano, kwani programu hupenda kufupisha au kurefusha mchoro bila kukuambia. Ukuta usiopigwa lipu una rula yake tayari. Tofali letu la saruji la kawaida lina uso wa inchi 18 kwa 9, kwa hiyo likionekana pichani bila uwiano wa mbili kwa moja, mchoro umevutwa. Kwa ukuta wenye lipu, pima upana na urefu kwa futi kamba kabla hujaondoka.

Rangi, na kichujio kinachosifiwa bure

Mafundi wengi wa maandishi na michoro hutumia rangi ya mafuta kwa sababu inadumu kwenye mvua na chumvi ya baharini. Nayo inang'aa. Watu hukimbilia kichujio cha polaraiza kuua mng'ao huo, wakakuta hakifanyi kitu. Sababu iko kwenye fizikia: mng'ao unaozimwa na kichujio hicho ni ule unaotazamwa kwa mshazari wa nyuzi 55 hivi. Ukiutazama ukuta uso kwa uso, kama inavyotakiwa kwenye nakala, kichujio kinakula mwanga bila faida kubwa. Tafuta chanzo cha mng'ao, ambacho mara nyingi ni anga au ukuta mweupe ulio nyuma yako, kisha badilisha saa au sogea kidogo. Ukuta wa rangi ya maji hauna usumbufu huu.

Jihadhari pia na rangi za kuazima. Udongo mwekundu ulio chini huupaka ukuta wekundu kwenye sehemu ya chini. Bati la buluu la jirani hufanya vivyo hivyo juu. Piga picha moja yenye kadi ya kijivu karibu na ukuta, uitumie kusawazisha rangi za picha nyingine zote. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo simu haijalirembesha, kama simu inaruhusu, maana simu nyingi huzidisha rangi na kunoa lipu mpaka ukuta uonekane mpya. Kama ukuta umechakaa, nakala nayo iseme hivyo.

Neno moja kuhusu unyevu: kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi mara ikikutana na joto la Posta. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30. Ukitoka Coco Beach au Barabara ya Ocean, ifute chumvi kwa kitambaa kilichoguswa na maji kidogo kabla hujaihifadhi.

Sanamu hazipigwi kama kuta

Kinachoharibu ukuta ndicho kinachoipa sanamu uhai. Mnara wa Askari, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, ni mfano mzuri. Ulizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, nayo ikaondolewa na Waingereza mwaka 1916 walipoutwaa mji. Askari wa sasa ni wa shaba nyeusi, na bayoneti yake imeelekea bandarini.

Shaba nyeusi mbele ya anga jeupe huidanganya kamera: inapunguza mwanga kuokoa anga, na askari anabaki kivuli kitupu. Ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu kama kamera inapima fremu nzima. Asubuhi ndiyo saa yake, lakini usifike alfajiri, kwa sababu maghorofa yanayoizunguka huzuia jua la chini. Subiri lipande juu ya paa. Nyuma ya sanamu kuna majengo kila upande. Hatua mbili kulia au kushoto ndizo zinazoamua kama bayoneti itachomeka kwenye dirisha la benki au itakaa kwenye kipande cha anga. Jumapili asubuhi magari ni machache. Usisimame katikati ya barabara kwa siku nyingine yoyote.

Maandishi ya chini, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini, pamoja na michongo ya pembeni, yanahitaji mwanga wa kukwaruza. Ukiyapiga jua likiwa mgongoni mwako, herufi hulala. Jua likitokea ubavuni, au tochi ikishikwa pembeni jioni kwa mshazari wa nyuzi 15 hadi 30, kila herufi inapata kivuli na inasomeka.

Watu, walinzi na ruhusa

Ukuta wa mtaani una wenyewe, hata kama hauna hati. Kijiwe cha bodaboda kilicho mbele yake ndicho serikali ya kwanza. Salimia kwanza, "shikamoo" kwa mzee na "mambo" kwa vijana, sema unapiga mchoro wala si watu, na onyesha picha ya kwanza kwenye kioo. Vijana watasogeza pikipiki wenyewe ukiwaomba hivyo. Ukianza kupiga kimyakimya watazidi kujipanga. Kwa picha ya mahali, ambamo watu wanatambulika, omba ruhusa ya kila anayeonekana wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila adabu ilitangulia sheria hiyo.

Tripodi huita walinzi. Kamera mkononi ni mtalii. Kamera juu ya miguu mitatu ni mradi, na mradi unadaiwa kibali. Kama unatarajia kukaa zaidi ya nusu saa, pitia ofisi ya serikali ya mtaa ukaeleze shughuli yako. Pembezoni mwa Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na bandari usipige hata kama ukuta wake umechorwa vizuri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haina mzaha na maeneo yaliyolindwa. Ukizuiwa, shusha kamera, eleza, onyesha picha. Droni ni habari nyingine kabisa: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na cha wizara ya ulinzi kabla haijapaa.

Maeneo yenye geti yana utaratibu wake. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert na mabanda ya Tingatinga pale Oysterbay si barabara. Uliza mapokezi au mwenye banda. Mchoro wa Tingatinga unaouzwa ni riziki ya mtu, na nakala safi ya kazi hiyo ni malighafi ya anayetaka kuichapa kwenye fulana. Wasanii wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi yao hukataa.

Mwenye ukuta si mwenye mchoro

Hapa ndipo wengi huchanganya. Mwenye nyumba anaweza kukuruhusu kuingia uani kwake, lakini hakimiliki ya mchoro ni ya aliyechora, isipokuwa kama waliandikiana vingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Mchongaji wa Mnara wa Askari, Mwingereza James Alexander Stevenson, alifariki mwaka 1937. Kazi yake imeshatoka kwenye ulinzi huo zamani. Grafiti ya Wachata, kundi la wachoraji wa mtaani wa Dar, iliyopigwa juzi haijatoka.

Kuna msamaha kwa kazi zilizowekwa kwa kudumu mahali panapoonwa na umma, lakini maneno yake yanazungumzia kazi za picha jongefu na rekodi za video. Usiuegemee kwa picha mnato unayotaka kuuza. Tofauti ya mwanzo inarudi hapa na uzito wake: picha ya soko ambamo mchoro umeonekana nyuma kwa bahati ni jambo moja, na nakala iliyojaa fremu, ikachapwa kwenye kalenda ya kampuni, ni kunakili kazi ya mtu. Kwa hiyo ya pili pata ruhusa ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unaotaja ni mchoro upi, utatumika wapi, kwa muda gani na kwa malipo gani ni bora mara kumi kuliko "poa tu, kaka". Hata pasipo biashara, msanii ana haki ya kutajwa jina na ya kutoharibiwa kazi yake, kwa hiyo usimkate saini ili picha ipendeze.

Saini hiyo iko chini ya ukuta, pengine pamoja na namba ya simu ya fundi; ipige picha yake peke yake. Andika tarehe, mtaa, upande unaotazamwa na ukuta na aina ya rangi siku hiyo hiyo. Ukiona ukuta umepigwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, usiahirishe mpaka mwanga uwe mzuri. Piga leo kwa mwanga uliopo. Unapomtumia msanii nakala yake, itume WhatsApp kama faili la nyaraka. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na taarifa zote za tarehe na mahali ulizohifadhi ndani yake zinafutwa.